UZI: Nilivyosawazisha ua na kuotesha ukoka upya hapa Dodoma kwa bajeti isiyozidi laki moja na nusu

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mama yangu alihamia kwangu Nzuguni akitokea Mpwapwa baada ya goti kuanza kumsumbua. Anatembea kwa mkongojo. Ua wetu ulikuwa vilevile mafundi walivyouacha: kifusi cha saruji na vipande vya tofali vimefukiwa juujuu, vichuguu huku, mashimo kule, na katikati mstari wa bomba la maji taka unaozidi kudidimia kila msimu wa mvua. Nyasi zilikuwepo mafungu mafungu, ukoka uliojiotea wenyewe pamoja na mbigili. Jioni moja mwezi wa nane mkongojo ulizama shimoni, mama akaenda chini. Hakuvunjika popote, tunamshukuru Mungu, ila wiki mbili nzima alikaa ndani akitazama nje kupitia dirishani. Hapo ndipo nilipoamua kwamba ua huu lazima ulale sawa na uote nyasi.

Naandika kwa urefu kwa sababu nilipotafuta maelezo nilipata ya nchi za baridi, au ya watu wa Arusha na Lushoto ambao mvua wanayo. Sisi hapa tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili mwanzoni, halafu kiangazi kinatukalia miezi saba. Ushauri wa kwingine ukiuleta Dodoma kama ulivyo, unakula hela yako.

Yangu ilishaliwa. Septemba nilinunua pakiti mbili za mbegu za nyasi kwenye duka moja, elfu sitini. Nikamwaga juu ya udongo uleule mbovu, nikamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya sita zikatoka, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, kijani hasa. Mama aliomba kiti akae karibu nazo. Kufika katikati ya Oktoba, jua la saa nane likiwa linapiga nyuzi 30 na zaidi, zote zililala na hazikuamka. Mbegu ambazo hazijaota nilizikuta kwenye msafara wa sisimizi, zinapelekwa shimoni moja moja. Baadaye afisa ugani mmoja alinisomea maandishi ya nyuma ya pakiti: ilikuwa raigrasi, nyasi za nchi za baridi. Muuzaji alijua nakaa Dodoma na hakuniambia neno. Hilo liliniuma, maana elfu sitini ile ingetosha samadi ya ua mzima na chenji ikabaki.

Nikabaki na laki moja na nusu. Safari hii nikaanza na ardhi.

Kupima kwanza

Ua wangu ni mita 12 kwa 5, yaani mita za mraba 60. Kwa macho niliamini kabisa kwamba unateremka kwenda getini. Nilitaka hata kuagiza kirikuu mbili (vile vigari vidogo vya mizigo) za udongo nijaze mashimo. Fundi jirani akanizuia, akasema usinunue udongo kabla hujapima.

Kifaa ni mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mita 15, elfu kumi na mbili kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Unaujaza maji, unashika ncha moja wewe, nyingine anashika mwenzako. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja, hata kama kati yenu kuna kichuguu au kona ya nyumba. Mwanangu wa darasa la sita alishika ncha ya ukutani kwenye alama ya penseli, mimi nikatembea na ncha nyingine kutoka kigingi hadi kigingi. Mara ya kwanza vipimo vilikataa, kigingi kimoja kilitofautiana sentimita 4 nilipokirudia. Mtoto ndiye aliyeona: kulikuwa na povu la hewa limekaa kwenye kunjo la mpira, dogo kama punje ya mahindi. Hewa ikiwemo ndani, maji yanadanganya. Tulimwaga, tukajaza upya polepole kutoka kwenye ndoo iliyowekwa juu ya kiti, hewa ikatoka yote.

Matokeo yalinishtua. Upande wa getini ulikuwa juu kuliko upande wa baraza. Maji ya mvua yalikuwa yanarudi kwenye msingi wa nyumba, ndiyo maana ukuta wa chini ulikuwa unabanduka rangi kila mwaka na mimi namlaumu fundi rangi.

Mteremko unaotakiwa si mkubwa: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka nyumbani kwenda nje. Nilichagua 1.5. Kwa mita 12 ni sentimita 18 jumla. Vigingi nilivipanga kila baada ya mita 2, kila kimoja kikashuka sentimita 3 kuliko mwenzake, kamba ikafungwa juu yake. Ukishaona kamba imenyooka juu ya ardhi yako iliyopinda, kazi yote inaonekana yenyewe: hapa nakata, hapa najaza. Udongo uliokatwa getini ulitosha kabisa kujaza kwenye baraza. Sikununua udongo hata toroli moja.

Naendelea baadaye, maji yametoka naenda kukinga.

Mdau wa Iyumbu

Mkuu, umenigusa. Mimi nimeshamwaga kirikuu tatu za udongo mwekundu na ua bado una mabonde. Swali: huo udongo wa juu wenye rutuba ukiukata si unaufukia chini?

Mleta uzi

Swali zuri, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Udongo wa juu, sentimita 10 hivi za mwanzo, kwanza unausogeza pembeni, unautengea lundo lake. Halafu unasawazisha udongo wa chini, ule mgumu. Ukishalala vizuri unarudisha wa juu. Ni kazi mara mbili, lakini ukiacha moramu na kifusi juu, nyasi zitakaa mwaka mzima hazina mzizi.

Mimi nilimwita kijana mmoja, siku tatu, elfu kumi na tano kwa siku. Tulilowesha ardhi jioni, tukapiga sululu asubuhi. Udongo wetu wa Dodoma ukikauka ni kama tofali, ukiulazimisha mkavu unavunja mpini na mgongo. Tulitoa kifusi toroli nyingi mno: saruji iliyoganda, misumari, vipande vya nondo, hata kiatu. Usikifukie tena. Saruji chini ya nyasi ndiyo ile sehemu inayokuwa kahawia wakati kwingine kote kijani, na utamwagilia mpaka uchoke bila kujua sababu.

Kwenye mashimo usijaze yote kwa mara moja. Jaza sentimita 10, mwagia maji, shindilia, jaza tena. Mfereji wa bomba nilioujaza kwa pupa siku ya kwanza ulizama tena mvua ya pili tu, nitasimulia nilivyourekebisha.

Baada ya hapo samadi. Hii ndiyo neema yetu mkoani hapa, ng'ombe na mbuzi wapo kila upande. Kirikuu moja iliyojaa, pamoja na usafiri, elfu arobaini. Hakikisha imeoza, ukiishika haina joto, haina harufu kali, inameguka kama udongo. Mbichi inaunguza mizizi, inaleta mbegu za magugu na inaita mchwa. Nilitandaza unene wa sentimita 2, nikaichanganya na udongo kwa jembe. Mwisho nikaburuta ngazi kuukuu ya mbao iliyofungwa kamba na jiwe juu yake, mara ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa mapana. Ile ngazi inafanya kazi ambayo reki haiwezi, maana reki inafuata mabonde, ngazi inayakata.

Kushindilia nilitumia pipa la plastiki lililotiwa ndoo tatu za maji, nikaliviringisha. Kipimo ni kisigino: kanyaga, kikizama zaidi ya sentimita 1 bado udongo umelegea, kisipozama kabisa umeshindilia kupita kiasi, kwaruza kwa reki.

Mdau wa Kisasa

Ndugu yangu, pamoja na heshima zote, hizi gharama na usumbufu wa maji kwa nini usiweke pevingi ukamaliza? Dodoma na nyasi wapi na wapi.

Mleta uzi

Nakuelewa, na kwa njia ya gari pevingi ni sawa. Ila kwa mita 60 bei yake haiko karibu na laki na nusu. Pia mama yangu anakaa nje kuanzia saa kumi jioni. Pevingi iliyopigwa jua siku nzima inatoa joto mpaka usiku, na maji yote ya mvua yanaondoka kwenda kwa jirani wa chini badala ya kuzama. Mimi nataka yazame kwangu. Sipingi chaguo la mtu, nasema sababu zangu.

Mdau wa Kondoa

Naomba kuongezea. Sisi huku tunajua ardhi tupu yenye mteremko inavyoondoka. Wazee wanakumbuka mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulioanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye milima yetu ili majani yarudi. Yalirudi. Kama ua wako unashuka sana, usilazimishe bapa moja. Gawa ngazi mbili, weka mawe kati, na juu yake kinga maji kidogo. Na usisawazishe ukaacha ardhi wazi mvua ya kwanza ikukute, itachukua ule udongo wa juu wote kwa saa moja.

Mleta uzi

Asante sana mkuu, hiyo ya mvua ya kwanza ni kweli tupu. Nilitandaza magunia ya zamani upande wa chini na kuyabana kwa mawe nikisubiri kupanda, yakazuia tope zuri lote.

Sasa upandaji. Nilimaliza kusawazisha Novemba katikati. Sikupanda. Nilimwagilia kidogo kwa wiki mbili ili magugu yaote, kisha nikayang'oa yakiwa machanga, mbigili na ndago hasa. Ndago usivute jani, utaacha kiazi chini na kitatoa watoto. Chimba na kijiti mpaka ukipate. Mama alishiriki kazi hii akiwa amekaa kwenye kigoda, beseni pembeni, na alitoa viazi vya ndago vingi kuliko sisi wote, akivipanga juu ya kanga vikauke juani.

Katikati ya Desemba, baada ya mvua ya pili ya maana, ndipo nikapanda. Mvua ya kwanza ya Dodoma usiiamini, inaweza kukuacha wiki tatu ukitazama mawingu.

Mbegu sikununua tena. Nilipanda vipandikizi vya ukoka. Ukoka ni mmea wa kwetu, unavumilia jua, unavumilia maji yenye chumvi kidogo kama mengi ya visima vyetu, na kiangazi ukikauka juu, chini unabaki hai na kuchipua upya. Eneo la mita moja ya mraba la ukoka mzuri linatosha kupanda kama mita kumi. Kwa hiyo nilihitaji mita 6 tu. Mzee mmoja wa mtaani anapunguza bustani yake, nilimpa elfu kumi ya asante na akanisaidia kuchagua ulio mwembamba, wenye pingili fupi. Tafadhali msiende kung'oa kwenye bustani za barabarani, ile ni mali ya umma na watu wanaimwagilia kwa jasho.

Ukate urefu wa sentimita 10 hadi 15, kila kipande kiwe na pingili tatu au zaidi, maana mizizi inatoka kwenye pingili. Weka kwenye gunia lililolowa, kivulini, na panda siku ileile. Chora mifereji ya kina cha sentimita 4 kila baada ya sentimita 20, laza kipandikizi, fukia theluthi mbili, ncha yenye majani ibaki nje. Kanyaga kwa unyayo, mwagilia papo hapo. Tulipanda kuanzia saa kumi jioni hadi giza, siku mbili. Anayepanda saa sita mchana anakaanga.

Siku ya nane majani ya zamani yalikuwa yameshakuwa rangi ya majani ya chai. Nilikosa usingizi. Asubuhi ya siku ya kumi niliinama na kuona kwenye pingili vijichomozi vyeupe vyenye ncha ya kijani, kama ncha ya sindano. Nikamwita mama.

Mdau wa Singida

Hongera mkuu. Tueleze maji. Huku kwetu mgao ni siku mbili kwa wiki.

Mleta uzi

Hesabu ni rahisi: milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Wiki tatu za mwanzo, siku isiyo na mvua, nilitoa milimita 4. Mara 60 ni lita 240, ndoo 12. Nusu asubuhi, nusu jioni. Februari mvua ilikatika kama kawaida yake, lakini ukoka ulishashika, nikamwagilia mara mbili kwa wiki tu, kwa wingi, maji yashuke kina cha kidole kirefu na zaidi. Maji ya juujuu kila siku yanafundisha mizizi kukaa juu.

Maji ya kusuuzia nguo nayatumia, yale ya mwisho. Ya sabuni ya kwanza hapana, chumvi zake zinagandisha udongo. Kiangazi sitatafuta kijani. Nitatoa maji kila baada ya siku kumi hivi, kuuweka hai, basi.

Mdau wa Bahi

Sisi udongo wetu ni mweusi wa mbuga, ukikauka unapasuka mkono unaingia. Mchanga utasaidia?

Mleta uzi

Mchanga kidogo kwenye mfinyanzi unaleta kitu kigumu kuliko mwanzo, mkuu. Wekeza kwenye samadi, misimu miwili mitatu. Na usisawazishe ukiwa umepasuka. Subiri ulowe, nyufa zijifunge, ndiyo upime. Vinginevyo kipimo chako cha Oktoba hakitakuwa kweli Januari.

Mdau wa Area C

Mimi nina mwarobaini mkubwa na chini yake hapaoti kitu. Na je, mbegu hazifai kabisa? Sina pa kupata vipandikizi.

Mleta uzi

Dada yangu, ukoka haupendi kivuli, chini ya mwarobaini utahangaika bure. Jaribu nyasi za Pemba, zile za jani pana, zinavumilia kivuli kuliko ukoka. Au acha sehemu ile, weka kokoto na benchi. Kivuli cha mwarobaini Dodoma ni zawadi, hakihitaji nyasi.

Mbegu zinafaa zikiwa za ukoka wenyewe. Uliza jina kabla hujatoa hela, na mtu asipokujibu vizuri ondoka. Gramu 8 kwa mita ya mraba zinatosha, kwa ua wangu ingekuwa chini ya nusu kilo. Ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu, gawa mafungu mawili, moja limwage ukitembea kwa urefu, jingine kwa mapana. Kwaruza kwa reki kidogo, zifunikwe milimita chache tu, ukizifukia sana hazitoki. Viringisha pipa, tandaza majani makavu membamba. Udongo usikauke hata siku moja kwa wiki mbili hadi tatu. Kama maji yako ni ya mgao, hiyo ndiyo sehemu ngumu.

Mleta uzi (mwendelezo, Machi)

Wakuu nimerudi. Wiki ya kumi mistari imekutana, udongo hauonekani isipokuwa pembe moja. Mbolea nilitia mara moja, urea, gramu 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo gramu 600 kwa ua wote, siku ambayo wingu lilikuwa limeshakaa. Isipooshwa na maji inaunguza. Kukata nilianza ukoka ulipofika sentimita 7, kwa fyekeo lililonolewa vizuri, nikauacha 5. Usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja.

Ule mfereji wa bomba ulizama sentimita 6. Mabonde madogo unatandaza tu mchanga uliochekechwa na samadi, unene wa sentimita 1, ncha za majani zibaki zinaonekana, unarudia baada ya wiki nne. Kwa ua mzima ni kama toroli kumi. Mimi nilikuwa na mchanga wa korongo wa elfu thelathini, ulitosha. Lakini sentimita 6 ni nyingi, ungefukia nyasi zife. Nilikata kwa chepe kila baada ya mita moja alama kama herufi H, nikakunjua zulia la nyasi pande mbili kama unafungua mlango, nikajaza udongo na kushindilia, nikarudisha zulia na kukanyaga. Kwa wiki moja mishono ilionekana, sasa huioni.

Jumla: kijana 45,000, samadi 40,000, mchanga 30,000, mpira 12,000, asante ya ukoka 10,000, urea 3,000. Ni 140,000. Ukoka wenyewe ndio uliokula kidogo kuliko karibu vyote.

Mama anatoka nje kila jioni. Jana alivua kandambili, akaacha mkongojo kwenye baraza, akashika ukuta na kutembea pekupeku mpaka kwenye kigingi cha tatu, ambacho sijakitoa kwa sababu yeye ndiye anayekitumia kuhesabu hatua.

Mdau wa Iyumbu

Mkuu, nimekwenda kununua mpira. Una ukoka wa kugawa?

Mleta uzi

Upo. Jumamosi napunguza ukingo wa getini, umeanza kuingia kwa jirani. Njoo kabla ya saa tatu asubuhi jua halijawa kali, uje na gunia lililolowa. Utapata wa kutosha kama mita 10. Na kama mvua bado ipo, panda jioni ileile.